Skrini Tatu, Shingo Moja

Kwa miaka minne ya mwanzo niliandika programu kwenye kompyuta mpakato pekee, yenye skrini ya inchi 13.3, nikiwa nimeinama kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Kihariri cha msimbo kilijaza skrini nzima. Nilipotaka kusoma maelezo ya maktaba ya msimbo niliyokuwa naitumia, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, nilikifunika kwa kivinjari, na nilipotaka kuona logi za seva, yaani kumbukumbu za matukio yake, nilivifunika vyote viwili kwa terminali, dirisha la kuandikia amri. Kuhama dirisha hadi dirisha si kazi nzito, kwa kuwa ni suala la vidole viwili tu. Kilichonichosha ni kusahau: nasoma jina la kigezo kwenye kivinjari, narudi kwenye msimbo, na nikifika pale sikumbuki tena kama neno la pili lilianza kwa herufi kubwa au ndogo, basi narudi tena kuangalia.

Nilipopata nafasi ya kujipangia meza yangu mwenyewe, yenye kompyuta ya mezani, niliamua kwamba dawa yake ni skrini tatu. Kwa nini tatu? Sina jibu la heshima. Nilikuwa nimetazama picha nyingi za meza za watu wa kazi hii, na tatu ilionekana kuwa idadi ya mtu anayejua anachokifanya. Nilichukua moja ya inchi 27 yenye pikseli 3840 kwa 2160, ambayo ingekaa katikati, na mbili za inchi 24 zenye pikseli 1920 kwa 1080 za kukaa pembeni, mojawapo ikiwa ya zamani niliyorithi kwa mtu aliyekuwa akiiondoa. Sikufungua hata ukurasa mmoja wa maelezo kabla ya kuanza kuchomeka.

Skrini ya kwanza niliichomeka, nikawasha kompyuta, ikaniandikia kwamba hakuna mawimbi yanayoingia, kisha ikalala. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha skrini, nikafungua kasha la kompyuta na kuikandamiza kadi ya grafiki kwenye nafasi yake, na saa nzima ikapita. Mwishowe nilimpigia mwenzangu mmoja wa kazini, akaniuliza swali moja tu: “Tundu ulilochomeka liko wima au limelala?” Lilikuwa wima, juu, karibu na matundu ya USB. “Hilo ni la bodi mama, ile bodi kuu ya kompyuta, ndugu yangu. Shuka chini kwenye kadi.” Matundu ya video yaliyo kwenye bodi mama yanahudumiwa na grafiki iliyo ndani ya prosesa, na kompyuta nyingi zikishaona kadi ya grafiki huizima ile ya ndani, mpaka mtu aingie kwenye mipangilio ya bodi mama na kuiwasha mwenyewe. Nilishuka chini, na picha ikatokea.

Skrini ya pili iliingia bila shida. Ya tatu, ile ya pembeni isiyo ya kurithi, ilikuwa na tundu la DisplayPort tu, na kwenye kadi lilikuwa limebaki tundu la HDMI, ambalo ni aina nyingine ya tundu la video. Nilikuwa na kebo yenye kichwa cha DisplayPort upande mmoja na cha HDMI upande wa pili, nikaona mambo yamejipa. Vichwa viliingia vizuri kabisa, na skrini ikabaki nyeusi. Jambo hili halikuandikwa popote kwenye kebo yenyewe, na nadhani limewapotezea muda watu wengi: kebo ya aina hiyo kwa kawaida hupitisha picha kwa upande mmoja tu, kutoka kwenye tundu la DisplayPort la kompyuta kwenda kwenye tundu la HDMI la skrini. Matundu mengi ya DisplayPort yameundwa kutambua kebo hiyo na kutoa mawimbi ya HDMI badala ya ya kwao. Tundu la HDMI halina uwezo huo. Anayetaka kutoka HDMI kwenda DisplayPort anahitaji kigeuzi chenye saketi yake ya kufasiri mawimbi, ambacho mara nyingi huwa na waya mdogo wa kukipa umeme kupitia USB. Njia rahisi kwangu ilikuwa kubadilishana: skrini ile ya DisplayPort ikapewa tundu la DisplayPort, na skrini kubwa ya katikati, iliyokuwa na matundu ya aina zote, ikahamia kwenye HDMI. Nilijipongeza kwa ujanja huo, kumbe ndio ulioleta tatizo lililofuata.

Skrini zote tatu ziliwaka. Nilikaa nikazitazama kwa furaha ya mtoto, kisha nikaanza kazi, na ndani ya dakika kumi nikahisi kwamba kuna kitu hakiko sawa kwenye skrini ya katikati. Picha ilikuwa safi na herufi zilikuwa kali kuliko nilivyowahi kuziona, lakini kishale cha kipanya kilikuwa kinaruka. Nikikisogeza taratibu kilionekana kinafuata mkono kwa kuchelewa kidogo, na nikikivuta haraka niliona alama chache zilizoachana, kama nyayo za mtu anayekimbia mchangani. Kwenye skrini za pembeni kishale hicho hicho kiliteleza bila kasoro. Nilisafisha kipanya, nikabadilisha betri yake, nikasakinisha upya draiva ya kadi. Siku ya tatu ndipo nilipofungua mipangilio ya hali ya juu ya skrini na kuona kwamba ile kubwa ilikuwa inachorwa upya mara 30 kwa sekunde, huku nyingine zikichorwa mara 60.

Hesabu yake ni nyepesi, na ningeifanya mapema ningeokoa siku tatu. Skrini ya pikseli 3840 kwa 2160 ina pikseli 8,294,400. Kila pikseli kwa kawaida hutumia biti 24 za rangi. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, zidisha yote, unapata takriban gigabiti 11.9 kwa sekunde, kabla hata ya kuongeza nafasi tupu zinazotumwa kati ya picha na picha. Toleo la HDMI 1.4 hubeba gigabiti 10.2 kwa sekunde, na baada ya kutoa sehemu inayoliwa na usimbaji hubaki takriban 8.2 kwa ajili ya picha yenyewe. Mzigo haukuenea, kwa hiyo kompyuta na skrini zilielewana kimyakimya kupunguza kasi kwa nusu. HDMI 2.0, iliyotolewa mwaka 2013, hubeba gigabiti 18, na DisplayPort 1.2 ya mwaka 2010 hubeba 21.6, na zote mbili zinaumudu mzigo huo. Kadi yangu ilikuwa ya kizazi ambacho matundu yake ya DisplayPort yalikuwa ya toleo jipya na lile moja la HDMI lilikuwa la zamani, nami kwa mkono wangu nilikuwa nimeichukua skrini yenye njaa kubwa kuliko zote nikaipeleka kwenye mfereji mwembamba kuliko yote. Nilibadilisha tena: kubwa kwenye DisplayPort, na ile iliyorithiwa, yenye tundu la HDMI, kwenye HDMI. Kishale kikatulia.

Tangu hapo sijawahi kuanza na skrini. Naanza nyuma ya kompyuta, na karatasi na kalamu, naandika kila tundu na toleo lake, kisha naandika matundu ya kila skrini, ndipo nachora mistari. Kwa kompyuta mpakato tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu matundu mawili ya USB-C yanaweza kufanana kama mapacha na moja tu ndilo linalopitisha video. Vilevile zipo kompyuta mpakato ambazo chipu yake inakubali skrini moja tu ya nje, haijalishi umeweka kitovu, yaani kifaa cha kuongeza matundu, chenye matundu mangapi. Idadi hiyo imeandikwa kwenye maelezo ya chipu yenyewe, na huko ndiko pa kuangalia, si kwenye boksi la kitovu.

Baada ya umeme na mawimbi kukubali, nilifikiri nimemaliza. Lakini kishale kilianza kugonga ukuta. Nikikipeleka kutoka skrini ya katikati kwenda kushoto, mara kilipita, mara kilikwama ukingoni kama kimegonga kioo. Sababu ni kwamba mfumo endeshi wangu ulipanga skrini kwa pikseli, na haukujua lolote kuhusu sentimita. Kwa macho yangu, skrini ya inchi 27 na ya inchi 24 zimepishana kimo kidogo tu; kwa kompyuta, moja ina kimo cha pikseli 2160 na nyingine 1080, kwa hiyo nusu nzima ya ukingo wa katikati haikuwa imepakana na kitu chochote. Nilivuta mistatili ile kwenye mipangilio mpaka sehemu inayopakana ikawa ile ninayoipita mara nyingi, lakini ukuta uliobaki haukuondoka kabisa.

Tofauti hiyo hiyo ya msongamano wa pikseli ilinisumbua kwenye maandishi. Skrini yangu kubwa ina pikseli takriban 163 kwa kila inchi, na za pembeni zina 92. Dirisha lenye herufi za kusomeka vizuri katikati lilikuwa linafumuka likivutwa pembeni, au likisinyaa kwa safari ya kurudi, kutegemea programu ilivyoandikwa. Mifumo ya sasa inaruhusu kila skrini kuwa na kiwango chake cha ukuzaji, nami niliweka asilimia 150 katikati na 100 pembeni, lakini programu kadhaa za zamani ninazolazimika kuzitumia hazielewi lugha hiyo na hutoa herufi zenye ukungu. Leo ningeanza upya ningechagua skrini zenye msongamano unaokaribiana, hata kama ni wa kawaida, kuliko kuchanganya moja ya kifahari na mbili za kawaida. Inchi 27 zenye pikseli 2560 kwa 1440, ambazo ni takriban pikseli 109 kwa inchi, zinakaa vizuri na inchi 24 za pikseli 1920 kwa 1080, na mtu hahitaji kugusa ukuzaji kabisa.

Mwezi wa pili nilipata maumivu upande wa kulia wa shingo, yaliyoshuka mpaka kwenye bega. Niliusingizia mto, kisha nikaisingizia baridi. Mtaalamu wa viungo niliyemwendea alinigusa mahali panapouma, akauliza, “Ukiwa kazini unatazama wapi?” Nikajibu kwamba natazama mbele, kwa kuwa niliamini hivyo. Akaniambia niketi kama ninavyoketi na nimwonyeshe mahali programu yangu inapoandika matokeo ya majaribio. Mkono na kichwa vyangu vilikwenda kulia vyenyewe.

Niliporudi nilichukua futi ya kupimia. Skrini ya inchi 27 ina upana wa takriban sentimita 60 na ya inchi 24 takriban 53. Nilikuwa nimezipanga tatu kwa mstari ulionyooka kama mabati ya ukuta, kwa hiyo katikati ya skrini ya kulia ilikuwa sentimita 56 hivi kutoka puani kwangu, na ukingo wake wa nje sentimita 83. Ukikaa sentimita 65 kutoka kwenye kioo, kutazama katikati ya skrini hiyo ni kugeuka zaidi ya digrii 40, na kutazama ukingo wake ni kugeuka zaidi ya 50. Macho yenyewe hayafiki huko, ni shingo inayokwenda. Na huko ndiko nilikokuwa nimeiweka terminali ya majaribio, inayoandika mistari yake nusu ya siku, huku skrini ya katikati, iliyo bora kuliko zote, ikiwa imekaliwa na kivinjari.

Marekebisho yalikuwa ya aina mbili. Kwanza nilizikunja skrini za pembeni ziwe kama upinde, ili kila moja inielekee na umbali wake ulingane na ule wa katikati. Kabla ya hapo macho yangu yalikuwa yanarekebisha umbali kila nilipogeuka. Pili, na hili ndilo lililoponya, niliacha kuhamisha mwili nikaanza kuhamisha madirisha. Kitu ninachokifanyia kazi kwa zaidi ya dakika chache lazima kije mbele ya pua, hata kama sekunde tano zilizopita kilikuwa pembeni. Kwenye Windows, kitufe cha Windows pamoja na Shift na mshale hulirusha dirisha kutoka skrini moja hadi nyingine, na mifumo mingine ina njia zake za kufanya vivyo hivyo. Vidole vyangu vimelizoea tendo hilo kuliko hata kuhifadhi faili. Niliinua pia skrini kubwa mpaka ukingo wake wa juu ukalingana na macho au ukawa chini yake kidogo. Maumivu yalichukua wiki kadhaa kuondoka.

Kuinua skrini kulinifikisha kwenye mikono ya kuzishikilia, ile inayobanwa ukingoni mwa meza. Nyuma ya skrini nyingi kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa kwa mraba wa milimita 100 kwa 100 au 75 kwa 75, kwa kipimo cha VESA, na mkono wowote wa kipimo hicho huingia. Pima kwanza uzito wa skrini bila mguu wake, na pima unene wa ubao wa meza. Halafu kuna jambo ambalo nililisoma kwenye karatasi ya maelekezo baada ya kulitenda: mkono wa springi usiokuwa na mzigo umejaa nguvu. Niliifungua skrini kutoka kwenye mkono ulioshushwa chini ili niisafishe nyuma, na skrubu ya mwisho ilipoachia, mkono ulifyatuka kwenda juu na kupita karibu na kidevu changu kwa upana wa vidole viwili. Sasa kila ninapotaka kuiondoa skrini, naupandisha mkono mpaka mwisho wake wa juu kwanza, mahali ambapo springi haina tena pa kwenda.

Skrini ya kushoto niliigeuza wima. Kwa msimbo, wima ni raha ambayo ni vigumu kumweleza asiyeijaribu. Kwa mstari wenye kimo cha pikseli 20, skrini ya pikseli 1080 iliyolala huonyesha mistari isiyozidi 54, na ikisimama wima huonyesha mpaka 96, wakati upana wa pikseli 1080 bado unatosha herufi mia moja za kihariri. Funksheni ndefu ya mtu mwingine, yaani kipande cha msimbo chenye jukumu moja, ambayo zamani niliisoma kwa kupanda na kushuka, nikaanza kuiona yote kwa mara moja, kuanzia mahali inapopokea vigezo mpaka mahali inaporudisha jibu.

Lakini niligeuza ile ya kurithi, na ilikuwa na paneli ya aina ya TN. Paneli za TN huvumilia kutazamwa kutoka kulia na kushoto, ila ukizitazama kutoka juu au chini rangi hubadilika. Ukiigeuza wima, juu na chini yake vinakuwa kulia na kushoto kwako. Mandhari ya kijivu cheusi ya kihariri changu ilionekana ya samawati kwa jicho la kushoto na ya kahawia kwa jicho la kulia, na nilipofumba jicho moja baada ya jingine niliona rangi ikirukaruka. Kichwa kiliniuma kabla ya saa sita mchana. Hata kingo za herufi zilikuwa na vivuli vya rangi, kwa sababu mbinu ambayo mfumo hutumia kulainisha herufi inategemea vijistari vya nyekundu, kijani na buluu kupangana kwa ulalo ndani ya kila pikseli, na sasa vilikuwa vimepangana kwa wima. Nilibadilisha nafasi: ile ya pili yenye paneli ya IPS, ambayo rangi zake hazitetereki kwa pembe, ikasimama wima kushoto, na ya TN ikalala kulia. Kuhusu herufi, niliizima mbinu ile nikatumia ulainishaji wa kijivu, na sijaikumbuka. Kasoro moja imebaki: ikisimama wima, skrini ya inchi 24 ina kimo cha zaidi ya nusu mita, kwa hiyo theluthi yake ya juu huinua kidevu. Huko juu naweka vitu nisivyovisoma, kama vile saa na orodha ya faili.

Kilichobaki ni skrini ya kulia, iliyokosa kazi. Kwa kuwa ilikuwa pale na ilikuwa inawaka, niliijaza: programu ya ujumbe wa kazini, barua pepe, na ukurasa wa kufuatilia seva wenye michoro inayopanda na kushuka. Kila ujumbe ulipoingia, kitu kilitikisika kwenye kona ya jicho langu, na jicho la binadamu haliwezi kukidharau kitu kinachotikisika pembeni. Mwenzangu yule wa simu alipopita siku moja akakuta nimeacha msimbo na ninasoma mjadala usionihusu, alisema tu, “Hii ya tatu unaifanyia kazi, au inakufanyia wewe?” Tulicheka, lakini Ijumaa ile niliichomoa ili nijaribu wiki moja bila hiyo. Jumatatu ya pili nilikuwa nimeshasahau kwamba nilikuwa kwenye jaribio.

Kwa hiyo sasa ninazo mbili. Mbele yangu ile ya inchi 27, inayobeba kitu ninachokiandika au ninachokitafuta kosa lake. Kushoto ile ya wima, imekunjwa kunielekea, inabeba maelezo, logi, au faili ninayoilinganisha. Ujumbe una eneo lake pepe la kazi, yaani seti nyingine ya madirisha isiyoonekana mpaka niiite, nami huenda kulitembelea nikitaka. Bado zina kero moja ndogo: zote zinatumia DisplayPort, na nikiizima mojawapo kwa kitufe chake, kompyuta huiona kama imechomolewa, na madirisha yote hukimbilia kwenye nyenzake. Huwa siizimi kwa kitufe, naiacha ilale yenyewe kupitia mfumo.

Ile ya kurithi iko kabatini, ndani ya boksi, pamoja na ile kebo ya upande mmoja. Huitoa mara moja moja, ninapotaka kuona jinsi ukurasa nilioutengeneza unavyoonekana kwa mtu mwenye skrini ya zamani ya rangi hafifu, na huwa inanionyesha kwamba maandishi yangu ya kijivu hayasomeki. Naichomeka, nabadilisha rangi, naichomoa, lakini kabla ya kuichomeka huinama kwanza nyuma ya kompyuta kuhakikisha kwamba tundu nililolishika limelala.